Maji moto ya gesi Pwani: Mtungi unakaguliwa, dohani inasahauliwa

MGENI anayefika Watamu au Malindi baada ya safari ndefu hukagua mambo machache chumbani mwake. Hutazama iwapo kiyoyozi kinafanya kazi, iwapo chandarua hakina matundu na iwapo maji ya bafuni ni moto. Akishafungua mfereji na kuona mvuke, haulizi zaidi. Hajui maji hayo yamepashwa na nini, wala hajui moto ulioyapasha unatolea moshi wake wapi.

Swali hilo la moshi ndilo linalostahili kuulizwa sasa katika ukanda wote wa kuanzia Mtwapa hadi Mambrui. Kwa miaka mingi maji ya kuoga ya hoteli yalipashwa kwa kuni, dizeli, umeme au jua. Siku hizi mtungi wa gesi, ambao Wakenya wengi waliuzoea kama kifaa cha jikoni, umepata njia ya kufika bafuni, dobini na katika jikoni kubwa za taasisi. Kuna vifaa vidogo vinavyotundikwa ukutani na kupasha maji papo hapo. Kuna pia boila kubwa zaidi, zikiwemo zile za kisasa ambazo huuzwa kwa sifa ya kubana gesi.

Serikali yenyewe imeifungulia gesi mlango. Ushuru wa VAT juu ya gesi ya mitungi uliondolewa mwaka 2016, ukarudishwa kwa kiwango cha asilimia 16 mnamo Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ukaondolewa tena kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 23.9 ya familia nchini zilitegemea gesi hasa kwa upishi, ilhali zaidi ya nusu zilikuwa bado zinatumia kuni. Lengo lililotangazwa ni kwamba ifikapo 2028 kila Mkenya awe na njia safi ya kupikia.

Kwa Kilifi sera hiyo ina uzito wa pekee. Hii ndiyo kaunti yenye msitu wa Arabuko-Sokoke, kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, na kila gunia la makaa linalokosa mnunuzi ni nafuu kwa miti hiyo. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuutetea moshi wa kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee.

Hata hivyo, kuihamisha nchi kutoka kwenye kuni hadi kwenye gesi bila kuwaeleza watu kwamba gesi nayo ina moshi ni kuifanya kazi nusu.

Mjadala wa usalama wa gesi nchini umejengwa juu ya hofu moja, nayo ni mlipuko. Hofu hiyo ina sababu zake. Usiku wa Februari 1, 2024, kituo cha kujazia gesi katika mtaa wa Mradi, Embakasi jijini Nairobi, kililipuka, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya ujenzi wa kituo hicho, na maafisa kadhaa wa mamlaka ya mazingira, NEMA, wakasimamishwa kazi kwa sababu kibali cha upande wao kilikuwa kimetolewa. Tangu hapo, anayesema usalama wa gesi huwa anasema mitungi: nani ameijaza, nani anaimiliki, imehifadhiwa wapi. Kanuni za gesi za mwaka 2019 nazo ziliegemea huko huko, zikapiga marufuku kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenyewe.

Mtungi basi una watu wanaoulinda. Dohani, yaani bomba linalotoa moshi nje, haina mtetezi.

Inafaa kueleza kinachotoka katika bomba hilo. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Kilo moja ikiungua vizuri hutoa takriban kilo tatu za kaboni dayoksaidi na zaidi ya kilo moja na nusu ya maji yaliyo katika hali ya mvuke. Mtungi wa kilo 13 huacha hewani maji yanayojaza ndoo ya lita 20. Hiyo ni hali ya kuungua vizuri. Moto ukikosa hewa ya kutosha, au kichomeo kikiziba kwa kutu na vumbi, au moshi ukirudi ndani na kuvutwa tena na moto uleule, huzaliwa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Katika damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200.

Wengi huamini kuwa harufu ya gesi itawaonya. Harufu hiyo hutiwa kiwandani ili gesi ambayo haijaungua ikivuja itambulike. Ikishaungua, harufu huteketea pamoja nayo. Moshi wenye sumu hauna onyo lolote kwa pua.

Sasa boila za kisasa zimeongeza jambo jipya ambalo mafundi waliozoea mitambo ya zamani hulikosea. Boila ya kizamani ilitupa nje moshi wenye joto la nyuzi 150 au zaidi. Moshi huo ulikuwa mwepesi, ukapanda wenyewe katika dohani ya bati hadi juu ya paa na kupotea. Boila ya kubana gesi haitupi joto hilo. Huupoza moshi ndani yake hadi mvuke ugeuke maji, na joto linaloachiliwa na mgeuko huo huongezwa kwenye maji ya kuoga. Ndiyo maana mtambo wa aina hii hutumia zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi. Faida yake ni kubwa kiasi kwamba England na Wales zilifanya boila za namna hii kuwa sharti la kawaida kwa majumba tangu Aprili 2005.

Malindi, kwa hesabu ya fizikia, ni mahali pazuri kwa mtambo huo. Mvuke hugeuka maji pale tu maji yanayoingia katika boila yana joto lililo chini ya nyuzi 55 hivi, na maji ya mfereji Pwani hayakaribii kiwango hicho hata kidogo. Anayeoga hahitaji zaidi ya nyuzi 40 na kidogo. Mwenye hoteli anayeambiwa atapunguza matumizi ya gesi hadanganywi.

Asichoambiwa ni kwamba moshi uliopozwa hadi nyuzi 50 hauna nguvu ya kupanda. Ni mzito, una unyevu, na hutolewa nje kwa kusukumwa na feni. Ukitoka, huelea karibu na ukuta ulipotokea. Ulaya huonekana kama wingu jeupe kwa sababu hewa ya nje ni baridi, na jirani hulalamika upesi wingu likielekea dirishani kwake. Katika joto la Pwani wingu hilo huwa hafifu au halionekani kabisa. Mpita njia hapati ishara kwamba kile kitundu ukutani kinatema chochote.

Hapo ndipo upepo unapoingia. Wavuvi wa Mayungu na Ngomeni hupanga maisha yao kwa pepo mbili: kaskazi, inayovuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi, inayotawala tangu Aprili hadi Oktoba hivi. Zote mbili huipiga pwani hii kutoka upande wa baharini. Ukuta unaotazama bahari husukumwa na hewa karibu mwaka mzima. Mdomo wa bomba ukitobolewa hapo bila kinga, feni ndogo ya boila hushindana na bahari ya Hindi. Siku za upepo mkali moshi hurudishwa. Mtambo ulio mzima utajizima wenyewe. Mtambo ambao fundi amekifunga kifaa chake cha usalama kwa kipande cha waya, ili wageni wasilalamikie maji baridi, utaendelea kuwaka.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana. Ni bomba ndani ya bomba: la ndani hutoa moshi na la nje huingiza hewa ya kuunguzia, na yote mawili hufungukia mahali pamoja. Upepo ukisukuma, husukuma pande zote kwa kiasi kimoja na moto hautikisiki. Mtambo wa namna hiyo hauvuti hewa ya chumba hata kidogo. Ndiyo aina pekee ambayo ina haki ya kukaa karibu na mahali watu wanapolala.

Wajenzi wa kale wa Pwani hawakuwa na feni, lakini walijua moto unapaswa kukaa wapi. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu darini, chini ya makuti, likiitwa kidari cha meko, mahali ambapo upepo uliuchukua moshi bila kuuliza. Wamijikenda wengi hadi leo hupikia katika banda lililojitenga na nyumba ya kulala. Nyumba za kupangisha zinazoota leo kando ya barabara ya Malindi hadi Kilifi zimelisahau somo hilo: bafu halina dirisha, chumba kimezibwa ili baridi ya kiyoyozi isitoroke, na kifaa cha gesi kimetundikwa juu ya kichwa cha anayeoga.

Kuna waliodhani kuwa kuitoa boila nje ya jengo kunamaliza kazi. Oktoba 2006 watoto wawili Waingereza, wa umri wa miaka saba na sita, walikufa wakiwa likizoni katika hoteli moja ya kisiwa cha Corfu, Ugiriki. Baba yao na mwenzake walipatikana hawana fahamu. Boila mbovu ya maji haikuwa chumbani mwao. Ilikuwa katika kibanda cha nje kilichopakana na chumba hicho, na sumu ilipenya kupitia matundu ya ukuta yaliyopitishia mabomba ya kiyoyozi. Mwaka 2010 mahakama ya Ugiriki iliwatia hatiani watu watatu, akiwemo meneja wa hoteli. Mwaka 2015 uchunguzi rasmi uliofanywa Uingereza uliamua kuwa watoto hao waliuawa kinyume cha sheria.

Msomaji asidhani hayo ni ya zamani. Mwishoni mwa Oktoba 2022, Wamarekani watatu walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika nyumba waliyoikodi jijini Mexico City. Machi 2025, mvulana wa miaka 14 alikufa katika hoteli ya ufuoni nchini Costa Rica. Wapelelezi walitangaza kuwa vipimo vya damu vilionyesha kaboni monoksaidi, wakaelekeza macho yao kwenye chumba cha mitambo kilichokuwa jirani na chumba cha wageni. Ufuo, joto, kiyoyozi, chumba cha mitambo nyuma ya ukuta: anayeijua Watamu haoni tofauti kubwa.

Umbali kati ya mdomo wa bomba na tundu lolote la jengo ndio msingi wa jambo hili. Mwongozo wa Uingereza kwa mitambo yenye feni kwa kawaida hutaka angalau sentimita 30 kutoka dirishani au kwenye tundu lolote la hewa. Marekani hukubali kipimo kama hicho kwa boila nyingi zinazovuta hewa yake kutoka nje, lakini hutaka takriban mita 1.2 kwa zile zinazotumia hewa ya chumba, na zaidi ya hapo mbele ya mashine inayovuta hewa kuingiza jengoni. Vipimo hivyo vilipangwa kwa kufikiria nyumba zenye madirisha ya vioo yanayofungwa. Pwani madirisha hubaki wazi usiku kucha, yana wavu wa mbu tu, na juu ya kuta mara nyingi kuna nafasi ya wazi kati ya ukuta na makuti. Sentimita 30 za London ni chache mno hapa. Busara ni kuupeleka mdomo wa bomba kwenye ukuta usio na tundu lolote, au kuupandisha juu ya kingo za paa, ingawa gharama itaongezeka.

Paa lenyewe lina neno lake. Moshi wa boila ya kisasa hauna joto la kuwasha makuti, na kwa hilo ni salama kuliko dohani ya bati ya zamani. Lakini unyevu wake huyaozesha, na gesi iliyovuja karibu na kichomeo haichagui. Hakuna sababu ya bomba lolote la moshi kupita katikati ya makuti.

Kuna kitu kingine ambacho boila ya kubana gesi hutoa na ambacho hakikuwepo zamani, nacho ni maji. Ule mvuke uliogeuzwa hutiririka chini ya mtambo, lita baada ya lita, na si maji safi. Yana ukali wa asidi, kati ya siki na maji ya kawaida. Bomba la moshi hulazwa kwa mteremko unaorudi kwenye boila, sentimita tano hivi kwa kila mita katika maelekezo ya watengenezaji wengi wa Ulaya, ili matone yarudi ndani na kutolewa kwa njia yake. Fundi anayelilaza bomba kwa mteremko wa kutoka nje, kama anavyolaza la maji ya mvua, huyafanya matone yadondokee ukutani. Anayelilaza bila mteremko huyaacha yatuame katikati, na kidimbwi hicho hupunguza nafasi ya moshi kupita hadi siku moja kikaziba kabisa. Anayeunganisha boila mpya na dohani ya bati iliyobaki kutoka kwa mtambo wa zamani huiweka bati hiyo mbele ya asidi kwa ndani na chumvi ya bahari kwa nje. Itatoboka, na haitatobokea mahali panapoonekana. Plastiki maalumu iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa boila hustahimili; bomba la kawaida la maji taka kutoka dukani halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Malindi, Gede na Kilifi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu ambavyo asidi huvila. Maji ya boila yakiachwa yatiririke juu ya ukuta wa namna hiyo miaka mingi, yatautafuna. Lakini jiwe hilohilo ndilo dawa. Katika nchi nyingine hununuliwa kikopo chenye vipande vya mawe ya chokaa ambamo maji hayo hupitishwa ili ukali uishe kabla ya kufika kwenye mfereji wa maji taka. Kilifi imeketi juu ya malighafi hiyo. Shimo dogo lililojazwa kokoto za matumbawe, mbali na kisima na mbali na msingi wa nyumba, hufanya kazi ileile, mradi kokoto zibadilishwe zinapoisha nguvu.

Kisima kinatajwa kwa makusudi. Gesi ya mitungi ambayo haijaungua ni nzito kuliko hewa, tofauti na gesi asilia ya mabomba ya Ulaya ambayo hupanda. Ikivuja huteremka, hutambaa sakafuni na kutafuta shimo. Kuiweka boila ya gesi ya mitungi katika chumba cha chini ya ardhi, au mitungi yake kando ya tundu la maji taka, ni kuitengenezea gesi birika la kujikusanyia. Tofauti hiyo ya gesi mbili ina hatari nyingine kwa wanaonunua mitambo iliyotumika ng'ambo. Kenya haina mtandao wa gesi asilia majumbani. Boila iliyotengenezwa kwa gesi asilia ikifungwa kwenye mtungi bila kubadilishwa sehemu zake za kichomeo, hupokea kawi zaidi ya mara mbili ya ile iliyokusudiwa, hukosa hewa ya kuiunguza yote, na kaboni monoksaidi humwagika. Kwa macho inaweza kuonekana inafanya kazi vizuri mno, kwa kuwa maji huchemka upesi.

Nani basi anapaswa kuyakagua haya? Hapa sheria imetawanyika kama mabua. EPRA hutoa leseni kwa wanaoagiza, kuhifadhi, kujaza na kuuza gesi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inazungumzia boila za mvuke na kutaka zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, lakini kinachopasha maji ya kuoga hakitengenezi mvuke wa shinikizo. Mwajiri ana wajibu wa jumla wa kulinda wafanyakazi; mgeni aliyelala si mfanyakazi. Kanuni mpya za ujenzi za kitaifa zilianza kutumika Machi 1, 2025, zikachukua nafasi ya zile za mwaka 1968, na ni hatua ya maana. Hata hivyo, kanuni za ujenzi humfikia mwenye kujenga. Mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, anayetoboa ukuta Jumamosi ili apitishe bomba, hamwalikai mkaguzi.

Katiba ya 2010 imeziweka karatasi mbili mezani pa kaunti. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga, na pia, chini ya mipango na maendeleo, usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Kilifi haihitaji kusubiri Nairobi. Kaunti hutoa leseni za biashara, hoteli nazo huzihitaji ili ziendeshe shughuli. Kuongeza kwenye ukaguzi huo suala la moshi wa gesi si jambo la kuhitaji mabilioni. Kinachohitajika ni kipimo cha moshi, kifaa cha kushikwa mkononi kinachoingizwa katika bomba na kusoma kiasi cha kaboni monoksaidi, na mtu aliyefundishwa kukitumia. Bila kipimo hicho fundi hubahatisha. Rangi ya buluu ya moto, ambayo wengi huitegemea, haionekani hata kidogo katika boila iliyofungwa.

Wenye nyumba ndogo za kupangisha watasema wanaonewa, na wana hoja. Ushindani ni mkali, msimu ni mfupi, na wageni wengi hutafuta bei ya chini. Lakini king'ora cha kaboni monoksaidi ni kifaa kidogo cha kutundika ukutani, na hakihitaji fundi. Kosa la kawaida ni kukichanganya na king'ora cha gesi inayovuja. Cha gesi ya mitungi hukaa chini karibu na sakafu kwa sababu gesi hiyo ni nzito. Cha kaboni monoksaidi hukaa kwenye kimo cha pumzi, chumbani mwa kulala. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Na kwa wengi, suluhisho la kwanza lingekuwa kutoichoma gesi kabisa. Kanuni za kawi za mwaka 2012 ziliyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Zilipata upinzani mwingi. Ni ajabu kidogo kwamba mji ambao huwauzia Wazungu jua huwaogesha kwa mtungi uliosafirishwa kwa meli. Jua likitangulia na gesi ikawa ya akiba kwa siku za masika, saa za boila kuwaka hupungua sana, na hatari hupungua pamoja nazo.

Upande wa afya una tatizo ambalo Pwani inapaswa kulitazama kwa jicho lake yenyewe. Dalili za mwanzo za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Mkazi wa Kilifi akijisikia hivyo huwaza malaria kwanza, na zahanati nayo huwaza hivyohivyo. Yapo ya kutofautisha. Sumu ya moshi kwa kawaida haileti homa, huwapata watu kadhaa wa chumba kimoja kwa pamoja, na hupungua mtu akitoka nje. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni, ambacho kilienea tangu janga la Korona, hudanganya katika hali hii: hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, hivyo husoma kwamba kila kitu ni salama. Kipimo cha kuaminika ni cha damu. Tiba ni oksijeni safi, ambayo hupunguza muda wa sumu kuondoka nusu yake kutoka saa nne au tano hadi kama saa moja na nusu au chini ya hapo. Mgonjwa aliyetibiwa malaria na kurudishwa kulala katika chumba kilekile hurudishwa kwenye sumu.

Hoteli nyingi za Malindi na Watamu hupunguza shughuli au kufunga kabisa wakati wa mvua za masika, kisha hufungua milango wageni wa katikati ya mwaka wanapoanza kuwasili. Boila iliyozimwa wiki nyingi haibaki ilivyoachwa. Chumvi hula skrubu za bomba, viungo hulegea, na nyigu wajengao kwa udongo hupenda sana tundu la ukutani lenye upana wa bomba la moshi. Kiota kimoja chatosha kuurudisha moshi ndani. Siku chache kabla ya mgeni wa kwanza kufika, wakati mafundi bado wako juu ya ngazi wakipaka rangi na kufuma makuti mapya, ndipo mtu apande pia na kumulika kurunzi ndani ya bomba hilo, kabla ya mtambo kuwashwa.